Kutu ya Jicho: Jinsi Uzee na Oksijeni Viharibuvyo Mishipa ya Damu Nyuma ya Jicho

 Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za jicho. Wala si jicho zima, bali mishipa midogo ya damu iliyo nyuma yake, mahali ambapo mwenye jicho mwenyewe hawezi kupaona, hata akijitazama kiooni kutwa kucha.

Tuanze na jambo mlijualo nyote. Katika kila kijiji yupo mzee aliyekuwa hodari wa kushona nyavu, au wa kuwasomea jirani zake barua, na sasa ameacha. Ukimwuliza, "Babu, mbona siku hizi husomi?" atakujibu, "Mjukuu wangu, ni uzee tu." Na wote waliopo huitikia, "Naam, ni uzee," na mazungumzo yakaishia hapo. Basi sisi twasema kwamba neno hilo dogo, "ni uzee tu," limewapotezea watu wengi nuru ya macho ambayo ingaliweza kuokolewa. Maana uzee wa jicho si jambo moja. Ni mambo matatu yaitwayo kwa jina moja.

La kwanza ni hili. Mtu akipita miaka 40, lenzi ya jicho lake, iliyo kama kioo laini nyuma ya mboni, huanza kuwa ngumu, asiweze kusoma maandishi madogo yaliyo karibu. Dawa yake ni miwani. La pili ni mtoto wa jicho: lenzi hiyo hiyo huingia ukungu, nuru isipite vizuri. Dawa yake ni kupasuliwa. Daktari huitoa lenzi mbovu akatia nyingine, na mara nyingi aliyekuwa haoni huona tena. La tatu ndilo la mazungumzo yetu: mishipa ya damu ya nyuma ya jicho huchakaa.

Mambo mawili ya kwanza kwa kawaida huweza kungoja. Mtu akikaa mwaka mzima bila miwani, siku atakapoivaa atasoma. Lakini la tatu halingoji mtu. Sehemu ya jicho iliyokufa kwa kukosa damu haifufuki, wala hapana miwani wala kisu kiwezacho kuirudisha. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi uharibifu huu unavyoanza, maana huanza miaka mingi kabla mwenye jicho hajahisi lo lote.

Jicho ni mfano wa chumba chenye dirisha moja. Dirisha ni mboni, na nuru huingilia hapo. Ukuta wa nyuma wa chumba umetandikwa utando mwembamba sana, ambao madaktari huuita retina. Unene wake haufiki nusu ya milimita, lakini ndani yake mna chembe hai zaidi ya milioni 100 zipokeazo nuru. Habari za nuru hiyo hupelekwa ubongoni kwa nyuzi zipatazo milioni moja, zilizofungwa pamoja kama kamba. Utando huo ndio uonao; sehemu nyingine zote za jicho ni watumishi wake.

Kazi hii ya kuona ni kazi nzito, nayo haikomi usiku wala mchana, kwa kuwa hata gizani chembe zile hazipumziki. Kama vile moto mkubwa ulavyo kuni nyingi, ndivyo utando huu ulavyo oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa itupayo uhai. Huhesabiwa miongoni mwa sehemu za mwili zitumiazo oksijeni nyingi kabisa kwa kadiri ya uzito wake. Na oksijeni haifiki huko ila kwa damu.

Damu hufika kwa njia mbili. Nyuma ya utando pana zulia nene la mishipa, lilishalo sehemu ya nje. Mbele ya utando hupita mishipa mingine, itokayo katika mshipa mmoja uingiao jichoni pamoja na ile kamba ya nyuzi. Nayo hugawanyika matawi, na matawi hugawanyika vitawi, hata vikawa vyembamba kuliko unywele. Vitawi hivyo vyembamba huitwa kapilari. Katikati kabisa ya utando, penye doa la manjano, ndipo tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu. Na kiini cha doa hilo hakina mishipa hata mmoja, ili kivuli cha damu kisizuie nuru.

Pengine mtauliza, "Mambo haya yaliyofichika yamejulikanaje?" Mwaka wa 1851 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo alichokitengeneza kwa vioo, kiwezacho kupeleka nuru ndani ya jicho na kumwonyesha daktari kilichomo. Tangu siku hiyo jicho limekuwa mahali pa pekee mwilini ambapo daktari aweza kuitazama mishipa ya damu waziwazi bila kumkata mtu ngozi. Mishipa ya moyo, ya figo na ya ubongo imefichika; ya jicho ni wazi kwa ajuaye kuchungulia. Na mara nyingi iliyoharibika jichoni hutoa habari ya iliyoharibika kwingineko.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Oksijeni ni rafiki, lakini ni rafiki mwenye meno. Jembe likiachwa nje penye umande hushikwa na kutu. Kutu hiyo ni kazi ya oksijeni. Samli ikiachwa wazi juani hubadilika harufu. Hiyo nayo ni kazi ya oksijeni. Ndani ya mwili mambo si mbali na hayo. Kila chembe hai ina majiko madogo yanayounguza chakula kwa oksijeni ili kupata nguvu. Na kama vile jiko lo lote litoavyo cheche, majiko haya nayo hutoa cheche zake: oksijeni iliyoharibika, iliyo kali, ambayo hunyang'anya kila inachokigusa. Ikigusa mafuta ya chembe, huyaharibu. Ikigusa ukuta, huutoboa. Ikigusa jiko lenyewe, hulitia ufa, na jiko lenye ufa hutoa cheche nyingi zaidi.

Mwaka wa 1956 mtaalamu wa Marekani, Denham Harman, alisema kwamba huenda uzee wenyewe watokana na kulundikana kwa madhara ya cheche hizi. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya uzee, lakini hakuna tena abishaye kwamba cheche zipo na kwamba zadhuru. Mwaka wa 1969 wenzake wawili, McCord na Fridovich, walionyesha kwamba mwili una askari wake: protini maalumu inayozizima cheche hizo mara zitokeapo. Wapo na askari wengine, na baadhi yao hutoka katika chakula. Basi kijana ana cheche na ana askari wa kutosha. Miaka ikipita, majiko huchakaa yakatoa cheche zaidi, na askari hupungua. Hapo mizani huinama upande mmoja, na uharibifu huanza kuushinda ukarabati.

Lakini kwa nini jicho lidhurike kuliko mkono au mguu? Sababu ni tatu. Kwanza, kama tulivyosema, utando wa jicho huunguza oksijeni nyingi, na penye moto mwingi pana cheche nyingi. Pili, chembe zake zimejaa mafuta laini ya namna ile ile ipatikanayo katika samaki, na mafuta hayo ni mepesi kuharibiwa na oksijeni. Tatu, nuru yenyewe, iingiayo jichoni kutwa, huongeza ukali wa cheche. Oksijeni, mafuta na nuru: ndivyo vitu vitatu viharibuvyo samli, navyo vimekutanishwa mahali pamoja, kwa kuwa bila hivyo jicho lisingaliona.

Ushahidi kwamba oksijeni yaweza kuidhuru mishipa ya jicho haukutoka kwa wazee, bali kwa watoto wachanga. Mwaka wa 1942 daktari Terry wa Boston, Marekani, alieleza upofu mpya uliowapata watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Watu walishangaa, maana watoto hao walikuwa wakitunzwa katika hospitali nzuri kuliko zote. Mwaka wa 1951 Bibi Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alitoa ushahidi kwamba sababu ni oksijeni waliyopewa kwa wingi mno ili waokolewe. Ilikuwa ikiizuia mishipa michanga ya utando isikue. Kisha mishipa mingine ikachipuka ovyo, ikauvuta utando na kuung'oa. Tangu hapo oksijeni ya watoto hao hupimwa kwa uangalifu. Habari hii ni ya watoto, wala uharibifu wake si sawasawa na ule wa wazee; lakini yatufunza kwamba mishipa ya jicho huishi kwa kipimo: ikipungukiwa na oksijeni hufa, na ikizidishiwa hufa.

Sasa tuutazame mshipa wenyewe unavyozeeka. Ndani yake una bitana nyororo ya chembe hai, kama bitana ya koti. Bitana hiyo si nguo ya kufunika tu, ina kazi. Utando ukihitaji damu zaidi, bitana hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi, nayo huuambia ukuta wa mshipa ulegee, mshipa upanuke. Kwa kuvumbua kazi ya gesi hii, Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nishani ya Nobel mwaka wa 1998. Lakini zile cheche za oksijeni zikikutana na gesi hii huila, tena katika kuila huzaa sumu nyingine. Basi amri ya kulegea haifiki, na mshipa hukaa umejikaza. Nuru ikimetameta mbele ya jicho lenye afya, mishipa yake hupanuka mara moja. Katika jicho la mwenye kisukari hupanuka kidogo tu, hata kabla hajaona dalili yo yote.

Nje ya kapilari ziko chembe nyingine zinazoukumbatia mshipa kama vidole vishikavyo mpini wa jembe. Kazi yake ni kuushikilia usivimbe na usivuje. Katika jicho chembe hizi ni nyingi kuliko mahali pengine mwilini, karibu moja kwa kila chembe ya bitana. Mwaka wa 1961 Cogan, Toussaint na Kuwabara walionyesha kwamba katika macho ya wenye kisukari chembe hizi ndizo zifazo mapema. Vidole vikilegea, kapilari huvimba hapa na pale kama mpira uliochakaa, ikaanza kuvuja maji na mafuta ya damu. Kisha bitana nayo hufa, na kapilari ikabaki bomba tupu lisilopitisha damu. Bomba tupu kama hizo huonekana hata katika macho ya wazee wasio na kisukari, hasa pembeni mwa utando.

Mishipa mikubwa nayo ina msiba wake. Ukuta wa mshipa uletao damu hunenepa na kuwa mgumu kwa uzee, na zaidi kwa shinikizo la damu. Mshipa huo hupishana na mshipa urudishao damu, na penye njia panda hizo miwili hiyo hufungwa katika ala moja. Ule mgumu huukandamiza ule laini, kama jiwe lililowekwa juu ya utomvu wa mgomba. Damu huenda polepole, hugandia hapo, na nyuma yake mshipa hufurika. Ndipo mtu aamkapo asubuhi akakuta sehemu ya mbele ya jicho lake moja imefunikwa na kiza, wala hakupigwa wala hakuumwa.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa ya ugonjwa huu: hauna maumivu. Utando wa jicho hauna hisi ya maumivu. Tena uharibifu mara nyingi huanza mbali na kile kiini cha kusomea, na jicho zima hufunika kasoro ya jicho bovu. Mtu huenda shambani, hupiga hesabu zake, huku kapilari zake zafa moja moja kama taa za mji zizimwazo usiku.

Utando ukiona njaa, hulia kuomba damu. Hutoa kitu kinachoiita mishipa mipya ichipuke. Laiti mishipa hiyo ingalikuwa mizuri! Lakini ni dhaifu kama vichipukizi vya kivulini. Hupasuka na kumwaga damu katika ute wa jicho, au huuvuta utando mpaka ukabanduka. Hapo ndipo mgonjwa apigapo mbio kwenda kwa daktari, na mara nyingi amechelewa.

Uzee hatuwezi kuuzuia. Lakini iko mikono mitatu inayousukuma mbele, na mikono hiyo twaweza kuishika. Mkono wa kwanza ni kisukari. Sukari ikizidi katika damu, yale majiko ya chembe hulishwa kupita kiasi, yakatoa cheche nyingi. Mwaka wa 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada juu ya watu 1,441 wenye kisukari cha namna ya kwanza, kile kipatacho vijana zaidi. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, waliozuia sukari yao kwa bidii walipungukiwa na hatari ya ugonjwa huu kwa sehemu 76 katika 100. Mkono wa pili ni shinikizo la damu. Uingereza, mwaka wa 1998, ilionekana kwamba wenye kisukari waliotibiwa vema shinikizo lao, macho yao yaliharibika kwa uchache kuliko ya wenzao, tofauti ikipata theluthi moja. Mkono wa tatu ni tumbaku, kwa kuwa kila pumzi ya moshi wake huingiza mwilini cheche nyingine juu ya zile zilizopo.

Je, chakula? Mchicha, matembele, majani ya kunde, mayai, mapera, machungwa na karanga vina vitu viwasaidiavyo wale askari, navyo ni vyema kwa kila mtu. Lakini jihadharini na wauzao vidonge wakisema huondoa uzee wa macho. Uchunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, uliotangazwa mwaka wa 2001, ulionyesha kwamba vidonge vya vitamini C na E, beta-karotini na zinki vilipunguza kwa robo hivi hatari ya kuzidi kwa ugonjwa wa doa la manjano la wazee. Angalieni: vilisaidia wale waliokwisha kuwa na ugonjwa wa kadiri, si watu wote, wala havikumrudishia mtu nuru iliyopotea. Tena mmoja wao, beta-karotini, ulionekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutao sigara, na mwaka wa 2013 ukawekewa badala yake. Basi kidonge kisinunuliwe kwa shauri la mwuzaji, bali kwa shauri la daktari.

Dawa zipo, lakini ni za kuzuia zaidi kuliko za kurudisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Meyer-Schwickerath wa Ujerumani alianza kutumia nuru ya jua, iliyokusanywa kwa vioo, kuunguza kwa makusudi sehemu ndogo za utando mgonjwa. Leo kazi hiyo hufanywa kwa nuru ya leza. Na mwaka wa 1976 ilithibitika kwamba nuru ya kuunguza hupunguza kwa nusu au zaidi upofu mkubwa wa wenye mishipa mipya ya kisukari. Ziko pia sindano zichomwazo ndani ya jicho, ambazo hunyamazisha kile kilio cha utando. Mojawapo, iitwayo ranibizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006. Hospitali kubwa za kwetu, kama KCMC ya Moshi na Kenyatta ya Nairobi, zina madaktari wa macho. Lakini hata daktari hodari hawezi kuokoa ila kilichosalia.

Basi, wasikilizaji wetu, tufanyeje? Mwenye kisukari na achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama aona vizuri kuliko mwewe. Maana wakati wa kuona vizuri ndio wakati wa kuokoa. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu haumwi. Na kila mtu mzima ajipime nyumbani: afunike jicho moja kwa kiganja, atazame fremu ya mlango au mistari ya kitabu, kisha afunike la pili. Mstari ulionyoka ukionekana umepinda, au pakiwa na doa la kiza, jicho hilo lina neno. Na mtu akiona ghafula vinyuzi vyeusi vikiogelea kwa wingi, au mimweko ya nuru, au kama pazia limeshuka, asingoje siku ya soko. Na aende hospitali siku ile ile.

Nanyi wanafunzi, tunawapa kazi moja. Mtakapomsikia babu au bibi akisema, "Ni uzee tu," msiitikie mara moja. Mwambieni kwa adabu, "Babu, pengine ni uzee, lakini uzee wa namna gani? Twende tukaulize." Mkikuta ni wa miwani, atasoma. Mkikuta ni mtoto wa jicho, apate kupasuliwa. Na mkikuta ni ile kutu ya mishipa, mtakuwa mmemwokolea nuru iliyosalia, ili aendelee kuwatambua wajukuu zake kwa nyuso zao, wala si kwa sauti tu.

Kwaherini.